Breki za Mbele za Land Rover ya Baba Mdogo

Yeyote aliyeshuka na gari la mizigo kutoka Lushoto mpaka Mombo anaijua harufu ya breki zilizopata moto. Baba yangu mdogo ana Land Rover pikapu ya Series III, ile ndefu ya inchi 109, naye hupakia kabeji kupeleka barabara kuu. Siku moja, karibu na kona za chini, alikanyaga pedeli ikazama mpaka sakafuni. Tuliponea kwa gia ndogo na kwa ukingo wa udongo uliotuzuia. Nasema tuliponea, maana nami nilikuwamo. Likizo ile ile akaamua kubadili breki za mbele, nami nikawa mshika spana wake.

Kwanza nieleze joto lile linatoka wapi. Gari la kilo 2,500 likishuka kimo cha mita 1,000 hutoa nishati ya jouli milioni 24 na nusu, yaani joto la kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji baridi. Injini huzuia sehemu yake; sehemu kubwa ya iliyobaki huangukia breki, hasa za mbele, kwa sababu gari likizuiwa uzito huegemea mbele.

Breki za ngoma zimefungiwa ndani kama chungu chenye kifuniko. Tena ngoma ikipata moto hutanuka, ikajitenga na breki shuu zake, na pedeli hushuka zaidi kuzifuata. Diski iko wazi penye upepo, na ikitanuka hunenepa kuelekea pedi. Land Rover wenyewe walitia diski mbele katika gari la 110, mwaka 1983.

Tulinunua seti iliyotengenezwa kwa ekseli ya namna hiyo: diski, kalipa, na vibao vya kuzishikia. Kuzifunga hakukuwa kazi ya kutisha. Tulizungusha rimu kwa mkono kuona kama haigusi kalipa, tukatoa hewa, tukatoka kujaribu. Baada ya kilomita chache gari likawa zito kama linavuta jiwe, na diski zikatoa moshi.

Tuliinua gurudumu kwa jeki: halikuzunguka. Tulipolegeza skrubu ya kutolea hewa, mafuta yakaruka kidogo na gurudumu likaachia. Hapo fundi akaelewa. Masta silinda ya zamani ilikuwa na vali ndogo inayobakiza msukumo kidogo ndani ya bomba hata ukiondoa mguu. Breki za ngoma zina springi za kuzirudisha shuu, kwa hiyo msukumo huo hauzidhuru. Kalipa haina springi ya namna hiyo. Pedi hubaki zimekaza. Wengi hununua diski wakadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo nusu tu. Tulitia masta silinda inayofaa diski mbele na ngoma nyuma, tena yenye kusukuma mafuta mengi zaidi, kwa kuwa kalipa hutaka mengi.

Likabaki jambo la mguu. Breki shuu ya mbele huvutwa na mzunguko wa ngoma yenyewe ikajikaza. Pedi haina msaada huo, hivyo pedeli huwa ngumu. Tukaongeza sevo, inayotumia mvuto wa hewa wa injini. Injini yetu ni ya petroli. Nyingi za dizeli zingehitaji pampu ya mvuto.

Mafuta ya breki nayo tuliyamwaga yote. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu huweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyea. Yetu ya zamani yalikuwa meusi kama chai ya rangi.

Breki ya mkono hatukuigusa. Katika Land Rover hiyo haishiki magurudumu, hushika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi.