Mvi Si Kosa: Dhuluma Dhidi ya Wazee, Sheria Inasemaje na Uripoti Wapi

Katika baadhi ya vijiji vya kaunti yetu ya Kilifi kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi, si kwa urembo bali kwa hofu. Mvi, ambazo zamani zilimpa mtu nafasi ya mbele katika baraza la ukoo, siku hizi zinaweza kumfanya anyooshewe kidole na kuitwa mchawi. Kutoka hapo hadi mapanga usiku, wakati mwingine huwa ni siku chache tu.

Mauaji hayo ndiyo yanayofika kwenye vyombo vya habari. Lakini kabla ya panga kuna mambo mengi ambayo hayaandikwi popote: mzee kunyimwa chakula, kutukanwa, kufungiwa ndani, pesa zake kuchukuliwa, shamba lake kupimwa bila yeye kuitwa. Yote hayo ni dhuluma, na mengi yanatendwa na watu wa nyumba yake.

Madaktari walianza kuandika kuhusu jambo hili katika majarida ya tiba ya Uingereza mwaka 1975, walipoona vikongwe wakiletwa hospitalini na majeraha yasiyolingana na maelezo ya jamaa zao. Tangu hapo utafiti umeenea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti 52 kutoka nchi 28, ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya kila 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi alidhulumiwa kwa namna fulani katika mwaka mmoja uliotangulia. Shirika la Afya Duniani linasema ni kisa 1 tu kati ya 24 kinachoripotiwa. Sababu si ngumu kuielewa. Ukiripoti mwanao leo, kesho nani atakuchotea maji?

Watafiti hugawa dhuluma hii katika mafungu: ya mwili, ya akili na maneno, ya kingono, ya mali, na kutelekezwa. Kupigwa kila mtu anakutambua. Hebu tukae zaidi kwenye mawili ambayo wengi wetu hatuyaiti dhuluma.

La kwanza ni pesa. Mpango wa Inua Jamii humlipa kila mzee aliyesajiliwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee asiyeweza kwenda kuzichukua huruhusiwa kuwa na mtu wa kumsaidia. Msaidizi huyo anazipokea kwa niaba ya mzee. Hakupewa ziwe zake. Akikaa na kitambulisho na nambari ya siri, akamletea mzee nusu kilo ya sukari na kusema "pesa bado hazijaingia", huo ni wizi hata kama msaidizi ni kitindamimba wake mpendwa.

Naandika haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Kwa karibu miaka miwili nilimshikia hawe yangu simu. Watoto wake wakimtumia pesa, mimi ndiye niliyetoa, nikanunua nilichoona kinahitajika, na chenji ikabaki kwangu. Sikumpiga wala sikumtukana. Lakini sikuwahi hata mara moja kumsomea ujumbe ulioonyesha ni kiasi gani kimeingia. Siku aliponiuliza nilikasirika, nikamwambia hajui mambo ya simu. Leo ningeulizwa hilo lilikuwa jambo gani, ningelitaja kwa jina lake.

La pili ni kutelekezwa. Mzee kuachwa peke yake tangu alfajiri hadi usiku bila maji karibu. Dawa za presha au kisukari kuisha na hakuna anayejali. Vidonda vya kulala upande mmoja. Mara nyingi si chuki. Ni uchovu wa mtu mmoja, kwa kawaida binti au mke wa mwana, aliyeachiwa mzigo wote huku ndugu wengine wakipiga simu siku ya sikukuu. Ukimlaumu yeye peke yake utakuwa umekosea nusu ya hesabu. Shirika la Afya Duniani lenyewe linakiri kwamba njia zilizothibitishwa za kuzuia dhuluma hii bado ni chache, lakini miongoni mwa zile zinazoleta matumaini ni kumpa mlezi mafunzo na nafasi ya kupumzika, kuwasaidia wazee kusimamia pesa zao, simu za msaada, na makazi ya dharura.

Sasa turudi kwenye uchawi. Mashirika ya haki za binadamu ya hapa Pwani yaliyofuatilia mauaji ya wazee yamekuwa yakitaja ardhi tena na tena. Shamba la familia liko mikononi mwa mzee; mnunuzi ameshakuja; vijana wanataka kuuza; mzee anakataa. Kisha mtoto anaugua ghafla, au mtu anapata ajali ya pikipiki, familia inakwenda kupiga mburuga, na jina linalotoka ni la yule yule aliyekataa kuuza. Si kila tuhuma huanza hivyo, kwani wengine huamini kwa dhati. Lakini mwananchi yeyote akisikia tuhuma mpya kijijini, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: huyu mzee ana nini ambacho mtu mwingine anakitaka?

Utafiti kutoka kwa majirani zetu Tanzania unaongeza jambo. Mwanauchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya wilaya ya Meatu, katika eneo la Wasukuma, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2005. Aligundua kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka ya kawaida. Mauaji mengine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee, na mara nyingi waliowaua walikuwa jamaa zao. Kama uchawi ndio ungekuwa chanzo, kwa nini ufuate mvua? Njaa inapoingia nyumbani, anayekula bila kulima ndiye anayeanza kuonekana mzigo. Kwa kaunti kama yetu, ambayo Ganze na Magarini zinaujua ukame vizuri, huo ni utafiti wa kusomwa kabla ya msimu mbaya na si baada yake.

Kuna na ugonjwa. Mtu mwenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu ya uzeeni anaweza kuamka usiku akatembea asijue anakokwenda, akavua nguo, akaingia uwanja wa jirani akidhani ni kwake, akazungumza na waliokwisha kufa. Jirani akimkuta saa nane za usiku akiwa hivyo, anapiga mayowe ya mchawi. Mgonjwa hawezi hata kujieleza. Ikiwa mzee wenu ameanza kupotea njia aliyoizoea au kusahau majina ya watoto wake, mpelekeni zahanati, na muwaambie majirani mapema kwamba anaumwa. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko hatari ya kunyamaza. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba wanaweza kuwaelekeza.

Sheria iko upande wa mzee. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema watu wazee, yaani wa miaka 60 na zaidi, wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Familia imetajwa kwa jina. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ambayo ni ya tangu mwaka 1925, inafanya kumtuhumu mtu hadharani kuwa ni mchawi kuwa kosa la jinai. Mwenye malalamiko anatakiwa ayapeleke kwa chifu au polisi, asiyapeleke sokoni wala kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Nayo Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 haihusu mke na mume pekee. Mzazi anayedhulumiwa na mwanawe anaweza kuomba mahakama itoe amri ya kumlinda, ikiwemo dhidi ya dhuluma ya kiuchumi. Akishindwa kwenda mwenyewe kwa udhaifu au hofu, mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba yake.

Kuhusu ardhi, mzee asingoje ugomvi. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili wenye akili timamu. Wosia wa mdomo pia unakubalika mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini una nguvu tu iwapo aliyeutoa atafariki ndani ya miezi mitatu, kwa hivyo usiutegemee. Na mzee asiweke kidole kwenye karatasi yoyote ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa, na mtu asiye na faida katika shamba hilo.

Ukiona au kusikia dhuluma, nenda kwa chifu au naibu wake, kwa mzee wa Nyumba Kumi, kwa afisa wa ustawi wa jamii, au kituo cha polisi kilicho karibu, ambako unaweza kuomba dawati la jinsia. Hakikisha umepewa nambari ya OB, uihifadhi. Aliyejeruhiwa atibiwe kwanza. Fomu ya P3 itajazwa na mhudumu wa afya. Wazee waliokimbia vitisho wamekuwa wakipokelewa Kaya Godoma huko Ganze, kituo kinachoendeshwa na wazee wa chama cha utamaduni cha MADCA. Kituo hicho kimeokoa maisha, ingawa mtu aliyezeeka kwake hapaswi kumalizia siku zake ugenini kwa sababu ya kuogopa wanawe.

Tuhuma inapotajwa kwa mara ya kwanza matangani au katika kikao cha familia, ripoti siku hiyo hiyo. Usisubiri barua ya vitisho mlangoni. Na ukienda kumtembelea mzee unayemhofia, tafuta namna ya kuzungumza naye mkiwa wawili tu, shambani au njiani, kwa sababu mbele ya anayemdhulumu atakwambia yuko salama.

Laini ya msaada dhidi ya dhuluma ni 1195, na haina malipo. Kwa dharura, polisi wanapatikana kwa 999 au 112.