Je, wajua jina la mji linaweza kuumbua sahihi bandia?

Mtu akuletee barua ya Moïse Tshombe. Karatasi imeingia umanjano, muhuri upo, na chini kabisa jina limetiwa kwa madaha ya mkubwa. Tarehe ni Machi 1961. Pembeni juu pameandikwa mahali barua ilipotoka: Lubumbashi. Mrudishie karatasi yake, uendelee na chai yako.

Mwaka 1961 mji huu uliitwa Elisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji, na uliitwa hivyo tangu 1910. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966, Rais Mobutu alipoyafuta majina ya Kibelgiji: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Jadotville ikawa Likasi. Hata hivyo usiwe na haraka ya kuhukumu. Lubumbashi ulikuwa mto kabla ya kuwa mji, na kiwanda cha kampuni ya Union Minière cha kuyeyushia shaba kilibeba jina hilo tangu enzi za mwanzo. Barua ya zamani inayotaja mto au kiwanda haina kosa. Ile inayotaja mji ndiyo yenye kesi ya kujibu.

Wanaokusanya hati zilizotiwa sahihi na wakubwa wa siasa wana bahati na Katanga, jimbo la mji huu, kwa sababu hapa kila kitu kilibadilishwa jina, na mghushi husahau. Nchi ya Kongo iliitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Jimbo likaitwa Shaba, kisha likarudi kuwa Katanga. Mobutu mwenyewe alikuwa Joseph-Désiré hadi Januari 1972, kwa hiyo hati ya mwaka 1968 yenye "Sese Seko" chini yake ni kazi ya mtu aliyesoma historia nusunusu. Tshombe naye alivaa kofia mbili: rais wa Katanga iliyojitenga, Julai 1960 hadi Januari 1963, halafu waziri mkuu wa Kongo nzima, Julai 1964 hadi Oktoba 1965. Kichwa cha karatasi, cheo na tarehe vipatane kwanza. Visipopatana, hakuna haja ya kuutazama mkono.

Vikipatana, chukua lenzi. Mtu anayetia sahihi yake mwenyewe haichori, anaipitisha mbio. Kalamu hugusa karatasi ikiwa tayari inakwenda, na huondoka kabla haijasimama, ndiyo maana mistari huanza na kuisha kwa ncha nyembamba. Anayeiga huenda polepole. Mistari yake hutetemeka, huanza na kuisha kwa kitone butu, na katikati utaona mahali alipoinua kalamu ili aangalie tena karatasi anayoigiza. Kalamu ya biki huacha mfereji: inamisha karatasi kwenye mwanga wa dirishani, kisha pitisha kidole mgongoni mwake. Sahihi iliyochapwa na mashine ya kuchapia haina mfereji wowote.

Kuna pia mashine ya hila zaidi, inayoshika kalamu halisi na kuandika kwa wino halisi. Kennedy wa Marekani aliitumia, na makatibu wake nao walimtilia sahihi. Dawa yake ni rahisi mno: weka sahihi mbili, moja juu ya nyingine, kwenye kioo cha dirisha. Zikilingana kabisa, mkunjo kwa mkunjo, si mkono wa mtu, maana hakuna binadamu anayeandika jina lake mara mbili sawasawa.

Karatasi nayo hutoa ushahidi wake. Nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili zimetiwa dawa ya kuzidisha weupe, na ukizimulika kwa taa kama ile ya kukagulia noti za dola hung'aa rangi ya samawati. "Mkataba wa 1890" unaong'aa hivyo ni mkataba wa juzi.

Bei inafuata uchache kuliko ukubwa wa mtu. Button Gwinnett, mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru la Marekani, alikufa mwaka 1777 baada ya kupigana kwa bastola na mpinzani wake. Hakuwahi kuwa rais wa Marekani, lakini sahihi zake zinazojulikana ni kama 50 tu, na wakusanyaji huzigombania. Mobutu alitawala karibu miaka 32 akitia sahihi. Patrice Lumumba alikuwa waziri mkuu wa Kongo kwa wiki 10 hivi, kuanzia Juni 1960 hadi Rais Kasa-Vubu alipomwondoa tarehe 5 Septemba, na Januari iliyofuata akauawa karibu na Elisabethville. Tarehe 30 Juni alitia sahihi hati ya uhuru pamoja na Gaston Eyskens, waziri mkuu wa Ubelgiji. Siku 12 baadaye, Tshombe akiwa ameshajitenga, Lumumba na Kasa-Vubu waliuomba Umoja wa Mataifa msaada wa kijeshi kwa simu ya maandishi. Simu ya maandishi hubeba jina la mtu bila mkono wake. Lakini Lumumba aliwahi kuwa karani wa posta Stanleyville, na karani hutia sahihi kutwa. Mimi ningeanza kutafuta huko.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, sahihi nzito kuliko zote za Katanga ni ile isiyotiwa. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika Bunkeya na mkataba wake; Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi akawa mfalme wa Wayeke, akakataa. Mwaka uliofuata ukaja msafara wa Stairs kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akakataa tena, na tarehe 20 Desemba 1891 wakamuua. Nchi ilichukuliwa bila mkono wake.

Ukiwa na mukanda (barua) wa babu sandukuni, usiupeleke kupigwa plastiki: joto huyeyusha gundi ikaingia ndani ya karatasi, na haitoki tena. Usiubandike selotepu. Uweke mbali na jua na mchwa. Na bahasha yake usiitupe, kwa maana muhuri wa posta una tarehe, na una jina la mji.