Neno "Fegi" na Njia Lililopita Kuingia katika Kiswahili

Mang'ula ni mji mdogo ulio chini ya milima ya Udzungwa, katika bonde la mto Kilombero, baina ya Kidatu na Ifakara. Wenyeji wa bonde hilo ni Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wahehe, walakini kwa muda mrefu sasa mji huo umepokea watu wa kila upande. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilivuta vibarua kutoka mikoa ya mbali. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Uchina, ilileta mafundi na karakana. Tangu mwaka 1992 ilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ambayo makao yake yako Mang'ula, wageni wa Ulaya na Marekani hufika huko kutembea msituni kwa miguu, wakiongozwa na vijana wa nchi. Mahali pa namna hii pana faida kwa mchunguzi wa maneno, na neno moja dogo litumiwalo na vijana hao, kama litumiwavyo na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi, lastahili kupimwa. Neno hilo ni fegi.

Fegi ni sigara. Si neno la ofisini wala la darasani, na onyo lililopigwa chapa juu ya pakiti halilijui. Kijana amwombaye rika lake husema, "Nipe fegi". Lakini kijana huyo huyo akitumwa dukani na mjomba wake, atamwambia mwenye duka kuwa ameagizwa sigara. Tofauti ya maneno haya mawili, basi, si ya kitu kitajwacho bali ya watu wanaosemezana.

Asili yake ni neno la Kiingereza "fag". Jambo hilo halina ubishi. Lenye thamani zaidi ni irabu yake. Kiingereza kina sauti moja iliyo katikati ya a na e za Kiswahili, nayo huandikwa kwa herufi a. Waswahili walioisikia sauti hiyo kwa masikio waliiweka upande wa e: ndipo tukapata begi, benki, gesi na teksi. Waliolipata neno kwa macho, yaani kwa kulisoma, walifuata herufi: ndipo tukapata kamera, plastiki na kampeni. Kanuni hii si ya chuma, lakini yatosha kuonyesha mwelekeo. Fegi inasimama bega kwa bega na begi. Silabi zake ni zile zile ila konsonanti ya kwanza. Kwa hiyo ni neno lililopokewa kinywani mwa msemaji, si kitabuni. Wala haishangazi, maana ni kitabu gani cha shule kingemfundisha mtoto neno la kuombea sigara? Irabu i iliyotiwa mwishoni ni ya kawaida, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie kwa g.

Katika sarufi, hata hivyo, fegi na begi zimeachana njia. Begi limeingia katika ngeli ya ji-ma, watu husema begi langu na mabegi yangu. Fegi aghalabu hufuata upatanisho wa sigara: fegi yangu, fegi mbili zimebaki. Neno la mitaani limeazima mwili kwa Mwingereza, likaazima tabia kwa neno sanifu lililotaka kulipokonya nafasi.

Na huko Uingereza lilitoka wapi? Hapo zamani "fag-end" ilikuwa ncha ya mwisho ya kitambaa au ya kamba, ile sehemu duni isiyofumwa vizuri. Katika karne ya 19 Waingereza wakalitumia kwa kishina cha biri au sigara kilichobaki baada ya kuvutwa, na kufikia miaka ya 1880 "fag" ikawa sigara nzima, hasa ya bei rahisi. Neno la mabaki likageuka neno la kitu kizima. Mtu angedhani ni kioja cha Uingereza peke yake, lakini sivyo. Huko Marekani "butt", yaani kipisi, hutumika pia mitaani kwa sigara yenyewe. Katika Kiingereza cha Afrika ya Kusini husikika "entjie", neno la Kiafrikana lenye maana ya mwisho mdogo, nalo pia ni sigara nzima. Mataifa matatu yaliyo mbali mbali yamefuata njia moja bila kushauriana. Sababu yake yaelekea kuwa katika adabu ya kuomba: aombaye hukipunguza kile anachoomba ili asionekane mlafi, kama vile mgeni aombavyo "maji kidogo" naye ana kiu ya mtungi.

Kiswahili nacho kina neno lake la mabaki, kipisi, lakini kipisi hakijapanda cheo. Kingali kile kinachotupwa chini na kukanyagwa. Hakikuwa na haja ya kupanda, maana fegi ilifika ikiwa imekwisha kupanda huko kwao, na hakuna Mswahili anayesikia ndani yake ile ncha ya kamba. Afadhali kutaja hapa na pafu. Mvutaji husema amepiga pafu moja au mbili, nalo ni "puff" la Kiingereza lililopita katika kanuni ile ile ya masikio, kwa kuwa irabu yake husikika kama a, sawa na ile iliyotupa namba. Limekutana na pafu letu la kupumulia, na maneno hayo mawili yamekaa nyumba moja kwa amani. Mwanafunzi asiyejua asili ataapa kuwa ni neno moja, kwa kuwa moshi kweli huingia mapafuni.

Hatari iko penye jina la lugha. Husemwa kwamba fegi limetoka katika Kiingereza, kana kwamba Kiingereza ni kimoja. Limetoka katika Kiingereza cha Uingereza, na humo "fag" ingali sigara. Huko Marekani, tangu miongo ya kwanza ya karne ya 20, neno hilo hilo ni tusi kali kwa wanaume wanaopenda wanaume wenzao. Kijana wa Mang'ula aliyejifunza kwamba fegi ni "fag", naye asubuhi anaongoza kundi kuelekea maporomoko ya Sanje, aweza kumkataza mgeni kuvuta msituni kwa neno ambalo mtu wa Manchester atalitii mara moja, na mtu wa Chicago atalipokea kama kofi. Kijana hana kosa. Amefuata kamusi, ikiwa kamusi yake iliandika "fag: sigara" ikaishia hapo.

Watunga kamusi huwa wepesi kuandika alama ya maneno ya mitaani, na wazito kuandika alama ya nchi. Katika neno hili alama ya pili ndiyo yenye uzito, kwani asiyejua kuwa "fag" ni neno la mitaani ataonekana mtovu wa adabu kidogo, lakini asiyejua mipaka yake aweza kumjeruhi mtu. Kwa upande wa Kiswahili, maelezo mafupi kama haya yangetosha: fegi, nomino, wingi fegi, neno la mitaani, hasa la vijana: sigara, kutoka Kiingereza cha Uingereza "fag", mtumiaji asilirudishe katika Kiingereza anaposema na Mmarekani, bali aseme "cigarette".