Kutoteuliwa na NHL si hukumu ya kipaji

Kila mara klabu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, zinapomaliza kuteua chipukizi, swali huja lile lile: kijana ana miaka 18, jina lake halikuitwa, je, ndiyo basi tena? Sipendi swali hili, kwa kuwa nyuma yake ipo imani kwamba jicho la msaka vipaji halikosei, na kwamba kijana aliyerukwa hana kitu. Imani hiyo imewatoa mchezoni vijana ambao hata kurefuka walikuwa hawajamaliza.

Tazama tarehe za kuzaliwa. Canada hupanga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa, hivyo wa Januari na wa Desemba hugombea nafasi moja. Wakiwa na miaka 10, miezi hiyo 11 ni kimo, ni uzito, ni nguvu ya kuhimili kusukumwa ukutani. Mkubwa huingia timu ya wateule, hupata kocha mzuri, saa nyingi za barafu na mechi ngumu. Miaka mitano baadaye pengo la umri limeshakuwa pengo la ujuzi, na watu huliita kipaji. Mtafiti Roger Barnsley na wenzake waliliandika hilo tangu 1985. Mwaka 2013 mtafiti mwingine, Robert Deaner, na wenzake wakaenda mbali zaidi, wakawafuatilia walioteuliwa na NHL. Waliozaliwa kuanzia Julai hadi Desemba waliteuliwa zaidi ya nafasi 40 nyuma ya pale walipostahili kwa kazi waliyokuja kuifanya, na uwezekano wao wa kufikisha mechi 400 au pointi 200 ulikaribia mara mbili ya waliozaliwa Januari hadi Machi. Klabu zenye fedha na wataalamu zilirudia kosa hilo mwaka baada ya mwaka.

Wapo wanaojibu kwamba wazaliwa wa Desemba wanaofika NHL ni wale waliokomazwa na shida. Huenda ndivyo, lakini basi klabu zilikuwa na ukomavu huo mbele ya macho yao na hazikuuthamini. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wengi wasioteuliwa hawafiki kabisa. Ni kweli, na mchezaji Martin St. Louis simtaji kama ahadi kwa yeyote. Namtaja kwa sababu ya njia aliyopita: mfupi, hakuteuliwa, akacheza miaka minne University of Vermont, akaenda ligi ndogo Cleveland, akasajiliwa na Calgary 1998, akaachwa 2000. Mwaka 2004, akiwa Tampa Bay, alitwaa Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mlango wa uteuzi ulifungwa, na mingine mitatu, ya chuo, ligi ndogo na usajili huru, ikabaki wazi.

Basi ya kufanya ni haya. Kijana wa Amerika Kaskazini bado anaweza kuteuliwa akiwa na miaka 19 au 20. Akikosa, yuko huru kusaini na klabu yoyote itakayomtaka. Vyuo vya Marekani humpa miaka ya kukua, na tangu Agosti 2025 kucheza ligi kuu za vijana za Canada hakumfungii tena mlango huko. Zipo ligi ndogo za AHL na ECHL, na ligi za Ulaya. Wazazi, msimlazimishe hoki miezi 12 ili afidie, maana mwili unaorudia mchezo mmoja bila kupumzika huumia. Acheze mchezo mwingine kiangazi. Na kabla ya kusaini chochote, mkataba usomwe na mwanasheria asiyelipwa na klabu.