Cheti Kilichofungwa Mdomo

Waajiri wakipashana majina ya wafanyakazi wasiotakiwa, mtu hunyimwa kazi bila ya kushtakiwa. Katika Maniema ya kikoloni adhabu ilikuwa ya wazi: kwa amri ya mwaka 1922, mtu wa Kasongo au Kabambare aliyeuvunja mkataba wake katika migodi ya bati ya Kalima, miaka ya 1930, aliweza kutiwa gerezani. Siku hizi Sheria ya Kazi ya Kongo, Na. 015/2002, kifungu cha 79, humtaka mwajiri atoe cheti (kibarua nacho, kwa asili, ni barua ndogo) chenye aina ya kazi, tarehe zake na nambari ya hifadhi ya jamii. Neno jingine haliruhusiwi, hata la sifa. Mnong'ono baina ya waajiri, usioacha maandishi, kifungu hicho hakiufikii.