Artemisia: chai ya jani iliyojaribiwa Maniema haiwezi kuchukua nafasi ya dawa ya malaria

Mwaka 2015, jimbo la Maniema lilikuwa uwanja wa majaribio mawili ya chai ya artemisia. Moja lilihusu malaria, na wagonjwa zaidi ya 900. Lingine lilihusu bilharzia, na wagonjwa 800. Hadi leo, kwa mzazi wa Kasongo au Kabambare anayeishi mbali na kituo cha afya, swali ni hili: mtoto akishikwa na homa, chai hiyo inatosha?

Artemisia ni jamii ya mimea yenye aina mia kadhaa. Mbili ndizo zinazozungumziwa sana kwetu: Artemisia annua, yenye asili ya Asia, na Artemisia afra ya Afrika. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa China Tu Youyou alitoa ndani ya annua dawa inayoitwa artemisinini. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Afra, kwa upande wake, ina artemisinini kidogo mno au haina kabisa.

Matokeo ya Maniema yalisema chai iliponya karibu wagonjwa wote wa malaria, huku vidonge vya ASAQ vikishindwa kwa wengi. Wataalamu walishangaa, kwa sababu ASAQ imeponya vizuri katika tafiti nyingine nyingi. Walikosoa namna majaribio yalivyoendeshwa na ruhusa zake, na mwishowe jarida lililochapisha makala hizo likaziondoa.

Tatizo la chai ni kipimo. Kiasi cha artemisinini hubadilika kutoka shamba moja hadi lingine, na dawa hiyo haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Tena hutoka mwilini kwa saa chache. Ndiyo maana vidonge huunganisha dawa mbili: ya kwanza huua vimelea vingi haraka, ya pili hubaki na kumaliza vilivyosalia. Anayekunywa chai anaweza kupata nafuu, kisha homa ikarudi kwa nguvu.

Kuna hatari nyingine. Vimelea vikizoea dawa kidogo kidogo, hujifunza kuistahimili. Dalili za usugu huo zimekwisha kuonekana kwa majirani zetu, Rwanda na Uganda. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema haliungi mkono matumizi ya artemisia kwa njia ya chai au unga wa majani kutibu au kukinga malaria.

Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, na vidonge vimezwe hadi siku ya mwisho hata kama amepona. Akitapika kila kitu, akishikwa na degedege au akishindwa kunyonya, asingojeshwe nyumbani kwa ajili ya chai: apelekwe hospitali mara moja.