Idhini Uliyoitoa Mwenyewe

Kila nikifundisha, lazima atokee mtu aseme: "Mwalimu, maneno yangu 12 ya siri sijampa mtu. Pochi yangu ya sarafu za kidijitali ataigusa nani?" Ataigusa yule uliyemwekea saini. Anayetoa maneno ya siri ili apate eadropu, yaani tokeni zinazogawiwa bure, amekabidhi pochi nzima, na hilo halihitaji maelezo. Kinachowamaliza watu waangalifu ni idhini.

Tokeni za Ethereum zina amri ya kuidhinisha: unairuhusu programu fulani ichukue tokeni zako hadi kiasi fulani. Amri ni halali, na masoko ya kubadilishana tokeni yanaitegemea. Lakini kiasi kinaweza kuwekwa bila kikomo, na idhini ya kawaida haina tarehe ya kuisha. Ukibonyeza leo, mwizi anaweza kuchota mwakani, pamoja na tokeni za aina hiyo utakazonunua baadaye.

Kisa cha Uniswap, mojawapo ya masoko hayo, kinaionyesha hatari hii vizuri. Septemba 2020 soko hilo liligawa tokeni 400 za UNI kwa kila anwani ya pochi iliyokuwa imelitumia, kwa hiyo watu walikuwa na sababu ya kutegemea zawadi nyingine. Julai 2022 wezi wakatuma tokeni zao kwenye anwani zaidi ya 70,000. Mkataba wao, yaani programu inayoendesha tokeni hizo, ulitoa kumbukumbu za uongo, hivyo aliyekagua muamala kwenye Etherscan, tovuti ya kutazama miamala ya Ethereum, aliona jina la Uniswap mahali pa mtumaji. Yaani hata aliyejitahidi kuhakiki alidanganywa. Tokeni hizo ziliwaelekeza watu kwenye tovuti iliyoahidi UNI. Saini waliyoiweka hapo ikatoa ruhusa ya kuhamisha fedha ambazo watu walikuwa wameziweka sokoni. Zilipotea takriban dola milioni 8, na mifumo ya Uniswap yenyewe haikuvunjwa.

Huo si mkosi wala nyota mbaya, na hakuna dua ya kuifuta saini. Wanaohubiri kwamba eadropu "haina hasara" wananikera sana, maana wanawaharakisha watu kubonyeza kabla ya kusoma.

Fungua pochi ya pembeni kwa ajili ya eadropu tu, yenye ada ya miamala na si akiba. Tokeni usiyoijua ikiingia, iache. Na kukata muunganisho wa pochi na tovuti hakufuti idhini: ingia tovuti ya Revoke.cash kwa kuiandika anwani yake wewe mwenyewe, tafuta idhini zisizo na kikomo, uzifute moja moja. Kila ufutaji una ada yake, ilipe.